Eldoret Mji wa Mabingwa, Viwanja vya Chuo Vimelala: Rada Yote Ndio Hii

Kumbuka usiku wa tarehe 5 Julai 2025. Wewe uko Langas, umelala ama unacheki kwa digii na bando inakaribia kuisha. Huko Eugene, Marekani, kumekucha kitambo. Beatrice Chebet anakimbia mita 5,000 kwa dakika 13:58.06, na anakuwa mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, Faith Kipyegon anachapa mita 1,500 kwa 3:48.68. Rekodi mbili za dunia, zote za madem wa hizi milima zetu.

Kuna kitu wasee wengi hawakuona. Ule uwanja, Hayward Field, si wa serikali na si wa timu yoyote ya pesa. Ni uwanja wa chuo kikuu, University of Oregon. Chebet alikuwa ameshavunja rekodi ya mita 10,000 hapo hapo Mei 2024, kwa 28:54.14.

Sasa jiulize. Eldy tuko na vyuo vikuu viwili vya umma, na vyote viko na viwanja. Mji umejaa mabingwa hadi ukitupa jiwe unaweza gonga msee ako na medali. Mbona basi viwanja vya chuo vimekaa ni kama shamba lenye mwenyewe amesafiri? Ni nani anaweza kuviamsha, na wewe msee wa Langas utapata nini vikiamka? Nimekuwekea kila kitu hapa, soma pole pole.

Tuko na viwanja gani?

Tuanze na vile vinajulikana, ndio tusichanganye maneno.

*Kipchoge Keino Stadium.* Hii ndio kubwa. Imepewa jina la mzee Kip Keino, mwenye alichukua dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968 na dhahabu ya kuruka viunzi na maji, mita 3,000, Munich 1972. Ukarabati wake umeanza, ukasimama, ukaanza tena, hadi watoi waliozaliwa wakati mabati ya kuzungushia yanawekwa sasa wako shule.

*Uwanja wa 64.* Huu uko karibu na katikati ya tao, na ni wa kaunti. Jina ni lile lile la kale la mji, shamba nambari 64, ndio wazee wakatuachia Sisibo.

*Chepkoilel.* Huu uko ndani ya University of Eldoret, kama kilomita 9 kutoka tao, barabara ya kwenda Ziwa. Historia yake ni tamu. Mahali pale palianza 1946 kama kituo cha kufunza wakulima wakubwa, yaani masetla. 1984 pakageuzwa chuo cha walimu wa sayansi. 1990, wakati wanafunzi walikuwa wengi kuliko nafasi, Moi University ikapachukua pakawa kampasi ya Chepkoilel. Tarehe 11 Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akapapa hati, pakawa University of Eldoret. Majina yamebadilika hivyo yote, lakini wanariadha bado wanapaita Chepkoilel, na wengi wamemwaga jasho pale.

*Uwanja wa Moi University.* Chuo hiki kilianzishwa 1984, cha pili cha umma Kenya baada ya Nairobi. Kundi la Kaptagat la kocha Patrick Sang, lenye limemlea Eliud Kipchoge, limekuwa likipiga raundi za kasi kwenye uwanja wake wa udongo. Rudia hiyo sentensi ukitaka. Msee mwenye amekimbia marathoni haraka kuliko karibu binadamu wote alikuwa anatrain kwa udongo, chuoni.

*Lobo Village.* Huku si uwanja wa raundi, ni njia ya mbio za nyika. Ilijulikana duniani Februari 2022, mashindano ya kumkumbuka Agnes Tirop, msichana wetu mwenye aliuawa Iten Oktoba 2021. Baadaye mashindano yakaitwa Sirikwa Classic.

Hivyo ndivyo vya kwenye ramani. Sisi wa Langas tuko na vyetu pia, viwanja vya shule za msingi na vile vipande vya ardhi vyenye leo ni goli na kesho ni msingi wa ploti. Kama ulikulia Kisumu Ndogo unajua kucheza boli huku mnachunga nduthi zisipite katikati ya mechi.

Nani ako na kifunguo?

Hapa ndio watu huchanganyikiwa, na ndio maana malalamishi yetu huishia kwa ofisi yenye haihusiki.

Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imegawa kazi. Serikali kuu inashughulikia kukuza michezo na elimu ya michezo, na pia vyuo vikuu. Kaunti ndio inashughulikia michezo na vifaa vya michezo mashinani. Kwa hivyo 64 ikiharibika, uliza Kaunti ya Uasin Gishu. Kipchoge Keino ikikwama, mambo yanaenda hadi Sports Kenya, shirika la serikali kuu lenye liliundwa na Sheria ya Michezo ya 2013.

Uwanja wa chuo ni story tofauti. Ule ni mali ya chuo. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, wenye wanaamua ni baraza la chuo, na wa kuendesha kila siku ni makamu wa chansela na watu wake. Gavana hawezi kuamka tu asubuhi apeleke tinga Chepkoilel. MCA wa Langas hata akipiga kelele bungeni mwaka mzima, hana uwezo wa kufungua geti la chuo. Lazima kuwe na makubaliano ya karatasi kati ya chuo, kaunti na pengine wizara.

Na hiyo karatasi ndio kitu chenye hakuna mtu hupigania, kwa sababu huwezi kukata utepe wa karatasi mbele ya kamera.

Mbona uwanja wa chuo hulala?

Sababu ya kwanza ni pesa, na hapa tusidanganyane. Moi University ilikuwa na mgomo wa wafanyakazi wa karibu miezi mitatu mwishoni mwa 2024. Chuo chenye malekchara wako barabarani wanadai mishahara, huwezi kutarajia kiamke kinunue taa za uwanja. Hata kama roho iko, mfuko hauko.

Ya pili ni kalenda. Chuo huishi kwa muhula. Wanafunzi wakienda likizo, uwanja unabaki na nyasi, ng'ombe wawili na soja wa geti.

Ya tatu ni hilo geti lenyewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma, na sina aibu kusema. Miezi kadhaa baadaye nikarudi kwa kampasi moja hapa Eldoret, sitaitaja, na mbogi ya vijana wa mtaa. Tulikuwa 14, na boli moja. Tulitaka masaa mawili tu. Soja akauliza kitambulisho cha chuo. Nikamwambia nilikuwa na moja. Akaniangalia na huruma fulani hivi, akasema, "Pole kijana, kazi yangu ni geti." Nyuma yake uwanja ulikuwa tupu, mweupe, saa kumi jioni. Tukarudi kucheza karibu na barabara. Simlaumu yule msee, alikuwa anafanya vile aliambiwa. Lakini ile picha ya uwanja tupu haijawahi kunitoka, na ndio maana unasoma hii.

Ya nne ni hofu ya kulaumiwa. Mtoi wa nje akiumia ndani ya chuo, nani analipa? Kitu ikiibiwa hosteli jioni ya mechi, nani anaulizwa? Haya ni maswali halali. Yana majibu pia, kama bima, saa maalum na orodha ya vikundi. Lakini bila mtu wa kuketi chini ayaandike, jibu rahisi ni kufunga geti.

Eldoret imeahidiwa mara ngapi?

Hii sehemu isome ukiwa umekaa.

2013, manifesto ya Jubilee iliahidi viwanja vipya vitano vya kitaifa, Kisumu, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Garissa. Unaweza kuhesabu mwenyewe vile tumefika.

2016 tuliona vile inaweza kuwa. Tarehe 30 Juni na 1 Julai, majaribio ya timu ya Olimpiki ya Rio yalifanyiwa Kipchoge Keino Stadium. Mji ulifurika. David Rudisha alimaliza wa tatu mita 800, wasee wakaanza kusema ameisha. Akaenda Rio akarudi na dhahabu. Kenya ikaleta dhahabu 6 mwaka huo, na timu ilichaguliwa hapa kwetu, mbele ya macho yetu.

2017, Kipchoge Keino ilikuwa kwenye orodha ya viwanja vya kuandaa CHAN ya 2018. Septemba CAF ikainyang'anya Kenya mashindano kwa sababu hatukuwa tayari, yakaenda Morocco. Na haikuwa mara ya kwanza, AFCON ya 1996 pia tulinyang'anywa ikaenda Afrika Kusini.

2023, Kenya, Uganda na Tanzania wakapewa AFCON 2027. Kwenye maombi, Kenya iliandika viwanja vitatu, Kasarani, Nyayo na Kipchoge Keino. Baadaye nguvu zote zikahamia Talanta, uwanja mpya wa viti 60,000 huko Kanairo. Na CHAN ilipokuja Agosti 2025, Harambee Stars wakaichapa Morocco 1-0 Kasarani, nchi ikawaka. Sisi tukawasha redio na TV za vibanda.

Kuna ingine ya kuchekesha kama haingekuwa ya kuuma. Mashindano makubwa ya riadha ya kila mwaka yenye jina la mzee wetu, Kip Keino Classic, yalianza 2020. Miaka yote yamefanyiwa Nairobi.

Na tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hadhi ya jiji, la tano Kenya. Jiji la mabingwa.

Kwani uwanja mzuri huwa na nini?

Tukibonga kuhusu kuamsha uwanja wa chuo, tujue tunaongelea nini, ndio mwanasiasa asikuuzie viti vya plastiki akisema ni maendeleo.

Uwanja wa riadha wa kawaida ni mita 400 kwa mstari wa ndani. Kila mstari una upana wa mita 1.22. Ukiwa na mistari 8, hiyo ni karibu mita 10 za upana kuzunguka kote. Ndani yake kunaingia uwanja wa kandanda, na wa mashindano makubwa ni mita 105 kwa 68.

Sakafu ndio inatofautisha. Udongo ni bei rahisi na ni laini kwa magoti, ndio maana makocha wengi hawaulaani. Lakini mvua ya Eldoret unaijua. Ikinyesha, mistari inapotea, kona inakuwa matope na mazoezi yanafutwa. Tartani, ile sakafu ya mpira wa kutengeneza, hukauka haraka na hushika kiatu chenye spaiki. Shida ni kwamba ni ghali, inahitaji msingi wa mifereji chini, na baada ya miaka kadhaa huchoka, lazima uiweke upya. Chuo kikipewa tartani bila pesa ya kuitunza kimepewa deni.

Halafu kuna mambo madogo yenye hayana mbwembwe, mfano vyoo, maji ya bomba, mahali pa kubadilishia nguo penye mlango unafunga, na taa. Kama wewe ni dem unajua kukimbia saa kumi na mbili asubuhi barabarani bila taa ni hatari aina gani. Vitu kama hivi ndio huamua kama msichana wa miaka 15 ataendelea na michezo ama ataacha.

Na tusisahau si kila mtu ni mkimbiaji. Wazee wa mtaa watakuambia enzi za Rivatex na Eldoret KCC kwenye ligi kuu ya boli. Tuko na Eldonets kwenye basketi. Uwanja wa basketi ni mita 28 kwa 15 tu, na wa voliboli ni 18 kwa 9. Hivyo vinaingia kwa nafasi ya maegesho ya magari. Lakini ukumbi wa ndani kama arena ya Kasarani, wenye viti 5,000, Eldy hatuna. Basketi ikianza na mvua ikaja, mnaenda nyumbani.

Eugene walifanyaje?

Turudi Oregon, ju watu hupenda kusema "hao ni Marekani, wana pesa." Ni kweli, lakini si yote.

Hayward Field ilianza 1919 kama uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ikapewa jina la kocha Bill Hayward. Riadha ikaingia, ikachukua roho ya mahali. Eugene ni mji mdogo, hauna timu kubwa za kulipwa, kwa hivyo uwanja wa chuo ukawa uwanja wa mji. Familia huja na watoi. Wazee hukaa viti vile vile miaka 40. 2018 wakaubomoa, 2020 ukafunguliwa mpya, kwa karibu dola milioni 270. Pesa nyingi zilitoka kwa Phil Knight wa Nike, mwenye alikimbia kwenye chuo hicho akiwa kijana. 2022 wakaandaa Mashindano ya Dunia, ya kwanza kabisa Marekani, na Emmanuel Korir wetu akachukua dhahabu ya mita 800.

Sisi hatuna Phil Knight. Lakini kuna mambo mawili hapo yenye hayahitaji dola. La kwanza, chuo kilikubali kwamba uwanja wake ni wa mji. La pili, watu wa mji walizoea kwenda pale kabla ya viti vya bei kujengwa. Miaka mia moja ya mazoea ilikuja kwanza, jengo likafuata.

Na wakenya tumekuwa sehemu ya hii story kitambo. Mwaka wa 1978 Henry Rono, msee wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State University. Ndani ya siku 81 alivunja rekodi nne za dunia, na mbili kati ya hizo alizipiga kwenye viwanja vya chuo, moja Berkeley na moja Seattle. Patrick Sang mwenyewe alisomea University of Texas. Vyuo vya Marekani vimejua dhamana ya mkimbiaji wa Bonde la Ufa kwa karibu miaka 50.

Sasa ukweli mchungu, ndio usiseme nimekupiga siasa. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Hiyo ndio inatufanya wakali, lakini pia inamaanisha mbio ndefu hapa huwa na muda wa pole. Kwa hivyo hata tukijenga uwanja wa dhahabu, rekodi ya mita 5,000 haitavunjwa Chepkoilel. Uwanja wa Eldoret utakuwa wa mazoezi, wa majaribio ya timu ya taifa, wa mashindano ya shule, wa boli ya wikendi. Mtu akikuahidi Eugene ya Afrika, mwambie apunguze.

Njia tatu zenye ziko mezani

Nikikusanya kila kitu, uwanja wa chuo uko na njia tatu mbele.

*Kwanza, uachwe hivyo.* Wanariadha wanaingia asubuhi kwa mazoea na urafiki na soja, mchana ni kimya, chuo hakipati kitu na mtaa haupati kitu. Njia hii haigharimu pesa ukiangalia karatasi. Gharama yake ni kijana wa miaka 16 mwenye jioni hana pa kwenda, na Langas tunajua jioni bila pa kwenda huishia wapi.

*Pili, upewe mwekezaji.* Sheria ya 2021 ya ubia kati ya umma na watu binafsi inaruhusu. Mwekezaji anajenga, anatoza, baada ya miaka anarudisha. Chuo kinapumua, na taa zinawaka. Lakini soma mkataba vizuri. Ikiwa kuingia ni soo tano kwa saa, basi ule ni uwanja wa wadosi wa Elgon View, na sisi tutabaki na boli yetu kando ya barabara. Kwa mkataba kama huu cha kupigania ni masaa. Ni masaa mangapi kwa wiki ya bure kwa vijana wa mtaa, na yameandikwa wapi?

*Tatu, chuo na kaunti washikane.* Chuo kinatoa ardhi na usimamizi, kaunti inatoa pesa ya vitu vidogo kutoka bajeti yake ya michezo, yaani taa, vyoo, kusawazisha udongo na mlinzi wa jioni. Kwa malipo, geti linafunguliwa kwa saa zilizoandikwa, sema Jumatatu hadi Ijumaa jioni na Jumamosi yote. Vikundi vinajiandikisha, shule zinapewa zamu. Haina mbwembwe, huwezi kuita rais kuifungua. Lakini inaweza kuanza bila kungoja tartani, na ikifaulu ndio unakuwa na hoja ya kuomba tartani.

Mimi niko na ya tatu. Unaweza kubisha, ni haki yako. Lakini ukibisha, nionyeshe uwanja wako unafunguka mwaka gani.

Langas inahusika aje?

Najua unasema Chepkoilel ni mbali, upande mwingine wa jiji kabisa, mathree mbili. Ni kweli. Na hapo ndio kuna swali lenye hawa wapangaji hawaulizi, uwanja wa mtu wa Langas ni upi?

Langas ni moja ya mitaa yenye watu wengi zaidi Eldoret. Tumebanana kwa ploti, nafasi wazi inaisha kila mwaka. Huu pia ni mtaa wenye ulipitia moto wa 2007 na 2008, majirani wakawa maadui kwa wiki chache, na ilichukua miaka kurudi kuketi pamoja. Ukiwa mtaani jioni, angalia ni wapi Mkale, Mkiuku, Mluhya na Mjaka bado wanakutana bila kuulizana jina la pili. Ni kwa boli. Timu inataka tu kujua kama unaweza kupiga pasi. Tukikosa mahali pa kuchezea, tunapoteza pia hiyo.

Kwa hivyo rada ni hii. Uwanja wa chuo ukifunguliwa upande ule, usikubali iwe sababu ya kuuza kipande cha mwisho cha hapa kwetu. Na Langas ikidai uwanja wake, iwe ni pamoja na usafiri wa vijana kwenda kwa mashindano ya huko chuo. Hivi viwili vinatembea pamoja.

Unaweza kufanya nini, hata bila connection

Usiseme "serikali ifanye" halafu ulale. Kuna tarehe na kuna sheria, na zote ni za bure.

Mwaka wa pesa wa serikali huanza 1 Julai. Kabla ya hapo, kaunti lazima ipeleke bungeni karatasi ya mwelekeo wa bajeti kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mikutano ya wananchi hufanyika miezi hiyo. Ukienda Julai kulalamika, pesa imeshagawanywa. Enda mapema, beba watu 10, na muulize kitu kimoja tu, "Kwa wadi yetu, michezo imepewa ngapi, na ni ya nini?" Waandike jibu.

Pili, kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mkenya yeyote anaweza kuandikia taasisi ya umma kuuliza habari, na chuo kikuu cha umma kiko ndani. Wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikunyamazia, unapeleka malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi huiita Ombudsman. Barua haihitaji wakili. Uliza je, kuna sera ya umma kutumia uwanja wenu, saa ngapi, kwa ada gani? Hata jibu likiwa "hakuna sera," hilo pia ni jibu, sasa unajua pa kuanzia.

Tatu, jiandikisheni kama kikundi. Chuo hakiwezi kusaini na "mbogi ya mtaa." Kinaweza kusaini na kikundi chenye cheti, mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya majina. Na hapo msichague mwenyekiti ju ako na gari.

Nne, kama uko ndani ya chuo sasa, wewe mwanafunzi, ndio uko na nguvu kuliko sisi wote. Viongozi wenu wa wanafunzi huketi na wakubwa. Wakija kuomba kura, waulize kuhusu geti.

Mwisho wa siku

Sijui kama kati ya wale vijana 14 wenye tulirudishwa getini kulikuwa na Korir mwingine. Pengine hakukuwa. Wengi wetu tulikuwa wabovu, tusidanganyane, mimi nilikuwa golikipa kwa sababu sijui kukimbia. Mmoja sasa anaendesha nduthi hapo stegi ya Langas, mwingine alienda Kanairo, na wawili walipotelea kwa mambo yenye sitaki kuandika.

Lakini tulikuwa tumekuja kuomba masaa mawili ya nyasi zenye hakuna mtu alikuwa anazitumia. Hiyo ndio size ya hii shida ukiitoa kwa midomo ya wanasiasa. Kabla ya viti 60,000, kabla ya tartani na AFCON, kuna uwanja tupu upande mmoja wa geti na vijana upande wa pili.

Februari haiko mbali. Tafuta mtu mwenye ana peni.